Babu hakuacha karatasi: nitaandikaje maisha yake bila kusema uongo?

Swali

“Shikamoo mtaalamu. Babu yangu mzaa baba alifariki mwaka jana kijijini kwetu, jirani na Mvumi mkoani Dodoma, na ukoo umekubaliana kukutana baada ya mavuno kwa ajili ya ibada ya kumbukumbu na kulijengea kaburi lake. Wasifu uliosomwa siku ya mazishi ulikuwa wa dakika tatu. Ulitaja mwaka wa kuzaliwa, ugonjwa na idadi ya wajukuu, basi. Kwa kuwa mimi ndiye niliyelelewa naye, nimepewa kazi ya kuandika maisha yake vizuri zaidi. Tatizo ni kwamba hakuna wanalokubaliana. Kitambulisho kinasema alizaliwa 1938, shangazi anasema alikuwa mkubwa kuliko hapo. Baba mdogo anashikilia kwamba babu alipigana vita vya Bama, yaani Birma, katika Vita vya Pili vya Dunia. Bibi anasema hakuwahi kupanda meli, alikuwa Kongwa kwenye karanga. Baba yangu, mtoto wake wa kwanza wa ndoa, alizaliwa 1960. Wazee wawili wameniita pembeni wakaniambia nisiandike kwamba aliwahi kufungwa kwa sababu ya kodi wakati wa mkoloni, wala kwamba kuna mtoto alimzaa Mpwapwa kabla ya kumwoa bibi. Ninayo sauti yake kwenye simu, kama dakika ishirini, anazungumza Kigogo, ambacho nakisikia lakini siwezi kukiandika. Kila nikiifungua nalia, naifunga. Naogopa kuandika uongo, na sasa nimeanza kuogopa kwamba naisahau sauti yake. Nianzie wapi?”

Jibu

Marahaba, mjukuu wetu, na pole sana kwa msiba. Mtu aliyekulea hazikwi siku moja, na ninaelewa kwa nini wasifu wa dakika tatu umekuachia deni moyoni. Katika swali lako naona hofu mbili zilizoshikana, ya kuandika uongo na ya kumsahau babu. Nitaanza na ile ya kwanza kwa sababu ndiyo inayokuzuia kushika kalamu, kisha nitafika kwenye sauti yake, ambayo nadhani ndiyo hasa iliyokufanya uniandikie.

Kwanza niiondoe dhana moja ambayo imewakatisha tamaa wengi. Tumezoea kwamba wasifu wa marehemu ni tarehe ya kuzaliwa, shule alizosoma, kazi na vyeo alivyoshika, ugonjwa uliomsumbua, na mwisho mjane, watoto na wajukuu aliowaacha. Mpangilio huo unamfaa mtu aliyeishi maisha ya ofisini, ambaye kila hatua yake iliacha barua. Ukimpimia mzee wa Ugogo aliyechunga ng'ombe, akalima uwele na mtama katika nchi yenye mvua za kubahatisha, akajenga tembe, akahamishwa, akajenga tena, utaona kama vile hakufanya kitu, kwa sababu kila kitu alichofanya kinaangukia nje ya nafasi zilizoachwa wazi. Kwa hiyo usijilaumu kwamba huna taarifa za kutosha. Unazo nyingi, ila zimekaa katika vichwa vya watu, mahali mbalimbali, na hazijapangwa kwa miaka.

Tuchukue mwaka wa kuzaliwa. Babu yako alizaliwa kijijini wakati ambapo watoto wengi wa Kiafrika hawakuandikishwa serikalini, na mwaka ulio kwenye kitambulisho cha mzee wa aina hiyo mara nyingi ni makadirio. Mwandikishaji aliuliza, mzee akajibu kwa kutaja tukio au kwa kusema yeye ni rika la fulani, na tarakimu ikaandikwa. Ukikuta tarehe yenyewe ni ya siku ya kwanza ya mwaka au ya katikati ya mwaka, shuku hivyo zaidi. Makadirio si uongo, lakini pia hayafungi mjadala. Vivyo hivyo kauli ya shangazi: yeye alizaliwa baada ya babu yako, kwa hiyo hakushuhudia kuzaliwa kwake. Anachokijua kweli ni ulinganisho: babu alimwita nani kaka, nani alimwamkia, nani alitahiriwa naye jandoni. Mwombe ulinganisho huo badala ya kumwomba mwaka, kwa sababu mzee mmoja wa jando moja na babu mwenye cheti cha ubatizo anaweza kukupa jibu ambalo kitambulisho hakikupi.

Ndivyo kumbukumbu ya binadamu inavyofanya kazi. Akili haihifadhi tarakimu za miaka. Inahifadhi mahali, watu, hisia na matukio makubwa yaliyowagusa wote pamoja. Wachunguzi wa kumbukumbu wameona pia kwamba wazee hukumbuka kwa wingi zaidi mambo ya takriban umri wa miaka 10 hadi 30, kipindi cha mambo ya kwanza ya maisha, na kwamba tukio la zamani huelekea kusogezwa karibu kuliko lilivyo. Kazi yako basi ni kulipeleka kila simulizi kwenye tukio ambalo mwaka wake unajulikana, na mkoa wetu una matukio mengi ya namna hiyo. Reli ya Kati ilifika Dodoma mwaka 1910. Njaa ya Mtunya, iliyotokana na ukame pamoja na majeshi ya Wajerumani na Waingereza kuchukua nafaka, mifugo na wapagazi katika Vita vya Kwanza vya Dunia, iliitesa Ugogo kati ya 1917 na 1920, na huenda ndiyo itakayokuonyesha umri wa wazazi wa babu. Mpango wa Waingereza wa kulima karanga Kongwa ulianza kazi 1947 na ukaachwa 1951. Mwaka wa Uhuru ulikuwa wa ukame uliofuatwa na mvua kubwa za miezi ya mwisho ya 1961. Shilingi ya Tanzania ilianza 1966. Operesheni ya kuwahamishia watu vijijini ilipita Dodoma mwanzoni mwa miaka ya 1970, mapema kuliko mikoa mingi, na uamuzi wa kuhamishia makao makuu ya nchi Dodoma ulifanyika 1973. Vita vya Kagera vilikuwa 1978 na 1979, mvua za Elinino 1997 na 1998, na ajali ya treni ya Igandu ilitokea tarehe 24 Juni 2002. Wengi wa Dodoma waliokuwa watu wazima wakati ule wanakumbuka walikuwa wapi siku waliposikia habari ya Igandu.

Jihadhari tu na tukio linalojirudia. Ukiambiwa “ilikuwa mwaka wa njaa”, bado hujaambiwa kitu, kwa maana Ugogo imepata njaa nyingi. Hata unga wa yanga, ule wa mahindi ya njano ya msaada, ulikuja zaidi ya mara moja. Endelea kuuliza: tulikula nini, nani alikuwa jumbe au mwenyekiti, baba yangu alikuwa amezaliwa, alikuwa anatambaa au anachunga?

Sasa Bama na Kongwa. Askari wa Keya, yaani jeshi la mkoloni lililoitwa King's African Rifles (KAR), kutoka Afrika Mashariki walipigana Uhabeshi mwaka 1941 na Madagaska 1942, kisha Bama (Birma), hasa mwaka 1944. Mtu aliyezaliwa 1938 alikuwa na miaka sita wakati huo. Kwa hiyo ama kitambulisho kimekosea kwa zaidi ya miaka kumi, ama habari ya Bama ni ya mtu mwingine. Jambo hili la pili hutokea mara nyingi kuliko watu wanavyodhani, bila mtu yeyote kudanganya: mzee anasimulia vita alivyokwenda kaka yake au baba yake, anasema “tulipigana” kama watu wa nyumba moja wasemavyo, na mtoto anayesikiliza usiku karibu na moto anaibeba habari ile akijua ni ya msimulizi mwenyewe. Miaka arobaini baadaye ameisimulia mara nyingi kiasi kwamba anauona uso wa baba yake ndani ya meli. Muulize baba mdogo kwa upole kama aliisikia kwa babu mwenyewe, alikuwa na umri gani, na kama babu alitaja kazi aliyofanya jeshini, namba yake, au rafiki aliyekuwa naye. Waliokuwa Keya wengi walitaja mambo hayo bila kuulizwa.

Bibi naye hakuwa shahidi wa Kongwa, maana kama baba yako alizaliwa 1960, inaelekea bibi aliingia katika maisha ya babu baada ya mpango wa karanga kufa. Anachojua ni alichosimuliwa na mume wake. Hilo halimfanyi awe amekosea. Linakuonyesha tu alikosimama. Ikiwa babu alizaliwa kweli 1938, alikuwa mvulana wa miaka tisa hadi kumi na mitatu trekta zilipokuwa zinang'oa vichaka Kongwa, na huenda alimfuata baba au mjomba aliyeajiriwa huko. Ikiwa alizaliwa katikati ya miaka ya 1920, basi baba mdogo na bibi wanaweza kuwa sahihi wote wawili, kwa kuwa askari walirudi makwao baada ya vita kwisha 1945 na Kongwa ilianza kuajiri mwaka 1947. Ona jinsi ubishi unaogawa ukoo wenu unavyoweza kwisha bila mtu kushindwa.

Na hapa nitakuambia jambo ambalo wazee wako wawili hawakulifikiria. Yale waliyokukataza ndiyo yanayoweza kukupa umri wa babu. Mtu hakukamatwa kwa kodi ya mkoloni mpaka ahesabiwe kuwa mwanamume mzima. Kwa hiyo ukijua kifungo kile kilikuwa kabla ya nini na baada ya nini, umejua mwaka ambao tayari alikuwa mtu mzima. Na yule mtoto wa Mpwapwa, ambaye leo lazima ni mzee, anaweza kuwa na cheti cha ubatizo au cha shule. Akiwa alizaliwa, tuseme, 1957, mwaka wa 1938 wa kitambulisho unapata nguvu. Akiwa alizaliwa 1948, kitambulisho kimeanguka, na shangazi yuko sahihi. Nikiangalia ulichoniandikia, mwelekeo wangu ni kwamba babu alizaliwa kati ya 1935 na 1940 na kwamba Bama ilikuwa habari ya mkubwa wake, kwa sababu mzaliwa wa kwanza wa ndoa wa 1960 anaendana zaidi na kijana wa miaka ishirini na kitu kuliko na mtu wa miaka thelathini na tano aliyekwisha kuzunguka dunia. Hata hivyo huo ni mwelekeo, na mtoto wa Mpwapwa anaweza kuupindua kwa karatasi moja.

Katika kuwahoji wazee, msikilize kila mmoja peke yake kwanza, kabla ya kuwakutanisha. Watu wanapokumbuka pamoja, mwenye sauti kubwa hupanga habari na wengine hujaza pengo kwa maneno yake, na baada ya kikao kimoja simulizi tano zimekuwa moja, wala huwezi tena kujua nani alijua nini. Anza na aliye mzee zaidi na dhaifu zaidi, hata kama anakaa mbali, maana wa mjini watakusubiri. Usimpe mzee jibu ndani ya swali. Ukisema “Babu alikuwa Bama, sivyo?”, adabu ya kwetu itamfanya aitikie, “Ndiyo, mjukuu wangu,” kwa kukuheshimu, nawe utaandika ndiyo hiyo kana kwamba ni ushahidi. Sema badala yake, “Ulimfahamu lini, akiwa anaishi wapi?”, kisha nyamaza. Ukimya wa mzee haujamaliza jibu. Mara nyingi neno la maana huja baada yake.

Uwape wanawake muda wao, tena jikoni au shambani, si barazani mbele ya wanaume. Bibi na shangazi ndio wanaojua mtoto yupi alifuata yupi, nani alifariki akiwa mchanga na hatajwi, mwaka upi mlenda ulikuwa chakula cha pekee, na mahari ilitolewaje. Mahari usiipite haraka. Muulize bibi ng'ombe wake walikuwa wangapi, wa rangi gani, na kila mmoja alitoka kwa nani, na utashangaa jinsi anavyowakumbuka. Ng'ombe wale walichangwa na ndugu, kwa hiyo ukijua walikotoka umejua nani alimbeba babu alipokuwa kijana asiye na kitu, na kwa nini hadi anakufa alikuwa haachi kwenda kumjulia hali mtu fulani ambaye ninyi wajukuu hamkujua udugu wake. Watani pia waulize. Walisema mengi pale msibani kwa mzaha, na katika mzaha wao zilikuwamo tabia za babu ambazo mchungaji asingezitaja.

Ukiweza, nenda na mzee mmoja hadi kwenye mahame ya babu, pale alipoishi kabla ya operesheni. Tembe ikiachwa hurudi kuwa udongo, lakini mara nyingi utakuta tuta refu palipokuwa ukuta, jiwe la kusagia limelala chali, na mbuyu ambao kila mtu aliyekulia pale ana habari nao. Mahali huamsha kumbukumbu kuliko swali lolote. Mzee aliyekuwa anakujibu kwa sentensi moja nyumbani ataanza kuonyesha kwa fimbo: hapa lilikuwa zizi, hapa mlango, hapa alilala mama yake alipokuwa mgonjwa. Washa simu irekodi tangu mnapotoka njiani, na upige picha anachokionyesha. Ujue pia kwamba habari za kuhamishwa ni chungu kwa wengine. Wapo waliobomolewa nyumba zao. Mzee akigeuza uso, usimkazanie.

Nije sasa kwenye sauti. Leo, kabla hujamaliza kusoma jibu hili kama unaweza, inakili. Simu huibiwa, huanguka kwenye maji na huharibika, na kadi ya kumbukumbu hufa bila kuaga. Kanuni ambayo watunza kumbukumbu huifuata ni nakala tatu, katika vifaa viwili tofauti, na moja kati ya hizo iwe nje ya nyumba unayoishi: moja kwenye kompyuta, moja kwenye flashi iliyoko kwa ndugu mkoa mwingine, moja kwenye hifadhi ya mtandaoni. Ukituma kwa WhatsApp, itume kama faili la hati ili isipunguzwe ubora, na hii ni muhimu zaidi kwa picha na video. Ipe faili jina lenye jina la babu, mahali na mwaka, kwa sababu miaka kumi ijayo hakuna atakayejua ile namba ndefu iliyowekwa na simu ilikuwa nini. Usiikate kuondoa kikohozi, jogoo au mtoto aliyepita akilia. Hayo nayo ni nyumba yake.

Hulazimiki kuisikiliza wewe. Hofu yako kwamba unaisahau sauti ya babu inawapata wafiwa wengi, nayo haimaanishi kwamba mapenzi yamepungua. Akili hutambua sauti vizuri sana inapoisikia, lakini ni dhaifu katika kuiita yenyewe bila kuisikia. Ukiisikia tu, utaijua kwa neno la kwanza. Mpe kazi ya kuiandika mtu wa ukoo anayekijua Kigogo vizuri na ambaye hakuwa karibu na babu kama wewe, labda mwalimu mstaafu au katekista. Aandike maneno yenyewe ya Kigogo, kisha Kiswahili pembeni, asiyanyooshe. Wewe uanze na dakika moja, mchana, ukiwa na mtu, kisha uzime hata kama hujalia. Mnaposikiliza, angalieni kwa makini kama anasema mimi au sisi katika habari za vita, kama zimo.

Kuhusu karatasi, sitaamini kwamba hakuna kabisa mpaka uwe umefungua sanduku lake mwenyewe, kwa idhini ya bibi. Tafuta kadi ya TANU au ya CCM, risiti za kodi, kipande cha kazi, kitabu cha posta, kadi za kliniki za watoto. Risiti yenye jina la jumbe inakurudisha enzi za utawala wa machifu, uliofutwa muda mfupi baada ya Uhuru. Picha iliyogandia kwenye kioo cha fremu usiibandue. Ipige picha kivulini bila mwanga wa kamera. Nyuma ya picha andika kwa penseli laini, si kwa kalamu ya wino, na hati halisi usizifanyie laminesheni, kwa kuwa joto na gundi yake haviondoki tena. Baada ya hapo nenda kanisani. Dayosisi ya Kianglikana ya Central Tanganyika ilianzishwa mwaka 1927, na misheni ya Mvumi ni ya zamani kuliko hapo, hivyo madaftari ya ubatizo, kipaimara na ndoa yanaweza kumtaja babu, au wazazi wake, au wadhamini wake wa ubatizo. Zungumza na mchungaji kwanza, na uende na majina yote aliyowahi kuitwa, kwa sababu aliyebatizwa akiwa kijana aliandikwa kwa jina jipya na pengine kwa jina la babu yake badala ya baba. Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa inazo kumbukumbu za utawala wa zamani. Huko utafute kwa majina ya wakati ule, yaani Jimbo la Kati na Wilaya ya Dodoma, si Chamwino. Sikutegemezi sana hapo. Nyaraka hizo huzungumzia machifu, kodi na njaa kuliko wakulima wa kawaida, ingawa zinakusaidia kujua mwaka wa tukio.

Tubaki kidogo kwenye waliyokukataza. Kifungo cha kodi mimi ningekiandika, baada ya kuwaeleza wazee kwa heshima kwamba kilimpata kwa umaskini wa fedha taslimu katika nchi ambayo utajiri ulikuwa ng'ombe, kwamba kiliwapata wengi, na kwamba hakumwibia mtu. Wajukuu wakikijua watamwelewa zaidi alivyokuwa akihangaikia ada zao. Mtoto wa Mpwapwa ni jambo jingine, kwa sababu yuko hai, au watoto wake wako hai, na bibi yuko hai. Hapo hisia zao zina uzito kuliko ukamilifu wa maandishi yako. Muulize bibi kwanza, faraghani. Mara nyingi wake wa wazee walijua siku zote. Kisha, kwa ruhusa yake, mwendee yule ndugu umuulize yeye anataka nini. Akikubali, aandikwe kwa jina lake kama mtoto, bila maelezo marefu. Akikataa, nyamaza, lakini usiandike sentensi inayomfuta, kama ile ya “mtoto wake wa kwanza”. Ukiandika “mtoto wa kwanza wa ndoa yake na bibi”, kama ulivyoniandikia mimi, umesema kweli na hujamuumiza mtu.

Hapa kuna onyo la kisheria ambalo sitalipunguza. Kama mirathi ya babu haijafunguliwa, au shamba na mifugo bado vinagombewa, orodha ya watoto uliyoiandika wewe inaweza kupelekwa kikaoni kama ushahidi wa upande mmoja. Katika hali hiyo usisambaze andiko mpaka ukoo upate ushauri ana kwa ana, katika Mahakama ya Mwanzo ya eneo lenu au kwa watoa msaada wa kisheria.

Je, liwe andiko la namna gani? Unaweza kuandika wasifu wa kusomwa ibadani, kijitabu cha ukoo, au kukusanya sauti na picha tu bila kuandika sana. Kwa muda uliobaki hadi mavuno, ningekushauri uandike kurasa mbili za kusomwa, na kijitabu ukiache kikue kwa mwaka mzima. Kurasa mbili zinatosha kama utachagua mambo machache na kuyaonyesha kwa karibu: alivyofunga mlango wa zizi, neno alilokuwa akilisema mvua ikichelewa, siku alipouza dume ili mtu asome. Usimfanye malaika. Waliomjua watakuwa wamekaa pale, na ukisema hakuwahi kukasirika hawataamini na mengine. Palipo na shaka, iandike shaka yenyewe kwa lugha nyepesi: “Mwaka wake wa kuzaliwa haujulikani kwa hakika, kitambulisho chake kinasema 1938.” “Mwanawe anakumbuka akisimulia vita vya Bama. Mkewe anakumbuka akisimulia Kongwa.” Mtu anayeandika hivyo hajasema uongo hata kama miaka ishirini ijayo itapatikana karatasi inayosema vingine, na hakuna ndugu atakayetoka ibadani akijiona ameitwa mwongo.

Mwisho, juu yako mwenyewe. Kulia unapomsikia, mwaka mmoja baadaye, si ugonjwa. Huzuni huja kwa mawimbi, hasa siku za kumbukumbu zinapokaribia, na kazi uliyopewa inakurudisha kwake kila siku. Shirika la Afya Duniani linautambua msiba uliokwama kuwa tatizo la kiafya pale ambapo, baada ya angalau miezi sita, hamu ya marehemu au uchungu wake ni mkali, haukomi na unamzuia mtu kuishi, kwa kuzingatia mila za jamii yake. Kwa hiyo jiulize kwa uaminifu: unalala, unakula, unafanya kazi, unaweza kucheka na wenzako? Kama jibu ni hapana kwa wiki nyingi, au ukijikuta unaona afadhali usingekuwapo, acha kuandika kwa sasa na uonane na mtaalamu. Dodoma hamko mbali na msaada. Hospitali ya Mirembe ina wataalamu wa afya ya akili, na unaweza pia kuanzia kwenye kituo cha afya kilicho karibu nawe ukaelekezwa. Mawazo ya kujidhuru hayasubiri miadi. Nenda siku hiyo hiyo, na umwambie mtu wa nyumbani akusindikize.

Rasimu ikikamilika, msomee bibi kabla ya mtu mwingine yeyote, nyumbani kwake na kwa lugha anayoielewa vizuri zaidi, na umwache aondoe sentensi asiyoitaka bila kukueleza sababu.